Kibao Nilichokificha Ndani ya Shati

Jamani, kuna aibu ambazo mtu akizikumbuka akiwa peke yake anaoga hujikuta ameguna kwa sauti, na hii yangu ni ya namna hiyo, ingawa sasa nimezeeka vya kutosha kuisimulia bila kufunika uso. Nilikwenda kumvizia mwalimu mwenzangu akosee Kiingereza, nikaishia kuketishwa mbele ya ukoo wake mzima naulizwa nimeleta neno gani kuhusu kumwoa, na baba yangu mzazi kaketi pembeni kavaa koti. Ndiyo, hivyo hivyo mlivyosikia.

Ilikuwa miaka ya sabini, ya utawala wa wanajeshi, ile ya sukari kuadimika hata mtu akawa anaificha kwenye sanduku la nguo. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko kwetu Koboko, mwalimu asiye na cheti, na tulikuwa wengi wa namna hiyo, maana kila aliyemaliza shule na kuweza kushika chaki alikuwa amepewa darasa. Basi mwaka ule tukaambiwa kwamba asiye na cheti hatapata darasa muhula ujao, tukakusanywa Arua wakati wa likizo kwa kozi ya wiki tatu, mimi nikapata chumba mtaa wa Awindiri kwa mama mmoja mchuuzi aliyetoka ng'ambo ya mpaka, Kongo. Kwangu mambo yalikuwa mawili tu: nirudi na cheti, au nirudi kwenye shamba la tumbaku la baba, na kazi hiyo ya tumbaku mgongo wangu unaijua vizuri.

Mkufunzi wetu wa Kiingereza aliitwa Bwana Andama, mtu mwembamba, mpole wa sauti na mkali wa moyo. Siku ya kwanza tu alitusikiliza tunavyojitambulisha, akavua miwani, akasema hata angefumba macho angejua walimu hawa wametoka wapi. Ugonjwa wetu ulikuwa mmoja. Kiingereza kina vitenzi vinavyotaja hali, si kazi inayofanyika: kujua, kutaka, kuwa na kitu, kupenda, kuelewa. Ukiwa unakula unaweza kusema "I am eating", hakuna atakayekukamata, lakini ukijua jambo unasema "I know", basi, umemaliza. Sisi ulimi umezoea ninakula, ninajua, ninataka, vyote kwa mwendo mmoja, kwa hiyo tulikuwa tunamwaga "I am knowing" na "I am wanting" bila huruma (na kibaya zaidi, tulikuwa tunawafundisha watoto wa watu).

Sasa shuleni kwetu kulikuwa na desturi ambayo nyote mnaikumbuka, ya kumvika mtoto kipande cha ubao shingoni akisikika anasema lugha ya nyumbani, naye anakaa nacho mpaka amnase mwenzake. Mimi mwenyewe nilikuwa nimewavika watoto wengi, tena kwa furaha. Bwana Andama akaona dawa ya watoto itatufaa na sisi watu wazima. Akaleta kibao cha mvule, ukubwa wa kiganja, kimetobolewa na kutiwa kamba ya katani, na juu yake ameandika kwa waya wa moto: I AM KNOWING. Atakayekosea anakivaa kifuani, nje ya nguo, kila mtu akione, na anaruhusiwa kukivua pale tu atakapomsikia mwenzake wa kozi anakosea kosa la namna hiyo hiyo.

Wiki mbili kibao kilizunguka, tukacheka, mzee mmoja wa Maracha mwenye wajukuu alikivaa siku tatu mfululizo. Lakini Ijumaa ya wiki ya pili Bwana Andama akasema kwa ile sauti yake ya upole kwamba Jumanne anakuja mkaguzi, kila mmoja atafundisha darasa la watoto mbele yake, na atakayefika Jumatatu asubuhi na kibao shingoni hatafundisha. Na asiyefundisha hapati cheti.

Wakati huo kibao kilikuwa kwa Mwalimu Keji, dada mmoja wa Koboko kama mimi, ila yeye wa upande wa pili wa mji, msichana mrefu asiye na maneno mengi, ambaye kwa kozi nzima alikuwa amekosea mara moja tu (aliumwa kichwa akasema "I am having a headache", na hata mimi nilimwonea huruma). Zikiwa zimebaki dakika kumi kengele ilie, Bwana Andama akauliza swali, na mimi nilikuwa na jibu, na nilikuwa na furaha ya kuwa na jibu, nikasimama kama askari nikasema, "Sir, I am knowing it."

Keji hakucheka hata kidogo. Alivua kibao, akatembea mpaka nilipo, akanivika taratibu akaninyooshea na kamba, akarudi kuketi.

Jumamosi asubuhi tukapanda lori la tumbaku kurudi nyumbani kwa siku hizo mbili, na hapo ndipo nilipofanya uamuzi wangu mdogo. Nilifikiria wanafunzi wangu na wazazi wao watakavyoniona nashuka Koboko na ubao kifuani, mimi niliyewavika watoto wao, nikakisukuma kibao ndani ya shati na kufunga vifungo vyote mpaka cha juu kabisa, kile ambacho hakuna mtu hukifunga kwa jua la kwetu. Nikajiambia hakuna atakayejua. Kazi yangu ilikuwa kumsikia Keji anakosea, kwa sababu Koboko nzima hakuna mwingine wa kozi ile isipokuwa yeye.

Njiani nilianza mapema. Nikamsogelea kati ya magunia, nikamwuliza kwa Kiingereza kama anapenda safari, kama anataka maji, kama anaelewa anachosema dereva, maswali yote nimeyachagua kwa mitego. Keji alinitazama, akanijibu kwa Kikakwa, lugha yetu ya nyumbani. Nikauliza tena, akajibu tena kwa Kikakwa, na mama mmoja mwenye kuku mapajani akatutazama kwa zamu huku anatabasamu (lile tabasamu ningelielewa ningejiokoa).

Basi mchana wake nikaona lazima nimfuate kwao. Mtu haendi nyumba ya watu mikono mitupu, na kwenye begi nilikuwa na sukari kikombe kimoja na nusu ambayo yule mama wa Awindiri alinipa kutoka mzigo wake uliopita mpakani Vurra kwa njia anazozijua mwenyewe, nilikuwa nampelekea mama yangu. Nikaifunga vizuri kwenye karatasi, nikampelekea mama yake Keji. Jamani, fikirini nami: kijana wa miaka ishirini na saba, hana mke, amefunga kifungo cha juu cha shati, anaingia nyumba yenye binti ambaye hajaolewa, mkononi ana sukari, mwaka ambao hata chai ya msibani ilikuwa inanywewa chungu. Mama yake alipokea kwa mikono miwili, akakitazama kifungo changu cha juu, akaingia ndani. Mimi nilidhani amefurahi tu.

Nikakaa mpaka jioni namwongelesha Keji Kiingereza naye anapepeta ulezi. Alisema maneno manne, yote sahihi. Nikaondoka nikiahidi kurudi kesho baada ya kanisa, na nilipokuwa natoka nilimwona kaka yake, Koplo Lado, aliyekuwa likizo kutoka kambini, amesimama mlangoni kakunja mikono. Nikamsalimia, akaitikia kwa kichwa.

Jumapili nikarudi kama nilivyosema. Nilikuta kiwanja kimefagiwa, viti vimepangwa nusu duara, wajomba watatu wameketi, mashangazi wako kwenye mkeka, kuku anachemka jikoni nasikia harufu, na mimi kwa akili yangu nikadhani wana wageni wao, nikataka kurudi nyuma kwa adabu. Ndipo nikamwona baba yangu. Baba alikuwa ameitwa alfajiri. Alikuwa amevaa koti lake la sufu, lile analovaa kwenye mazishi na kwenye kesi, jasho linamtiririka, na usoni ana furaha na hasira zimechanganyika, furaha kwamba hatimaye nimepata, hasira kwamba sikumwambia. Akaninong'oneza kwamba mtu hapeleki sukari kabla ya kupeleka wazee, na je, nililelewa na nani?

Nikaonyeshwa kiti cha katikati. Koplo Lado akasimama. Alikuwa amekaa jeshini miaka mingi, hata mama yake alikuwa anamsemesha kwa Kiswahili cha kambini, basi ndicho alichotumia.

"Mwalimu," akasema, "sisi iko hapa. Baba yako iko hapa. Wewe nafuata dada yangu jana kwa lori, jana kwa nyumba, leo tena. Sasa sema neno yako."

Nawaambieni ukweli, nilitamani ardhi inimeze na kiti chake. Nikisema sina neno, nimemdhalilisha binti wa watu mbele ya wajomba, na baba yangu na koti lake. Nikisema ninalo, nimeoa. Nikajikuta ninajishika kifua, kama mtu anayetafuta moyo wake ulipo, na kibao kikagonga kwenye kifungo, ko.

Koplo akasikia. Akaja karibu, akainama.

"Nini iko ndani ya shati?"

"Hakuna kitu, afande."

"Mimi naona kitu. Iko na pembe nne. Toa pole pole."

Mliokuwa wakubwa miaka ile mnajua kwamba kuambiwa na askari utoe kitu pole pole hakukuwa mchezo. Mashangazi walihama na mkeka wao. Kile kifungo cha juu nilichokifunga kwa kiburi kikagoma kabisa, mpaka Koplo akakivuta mwenyewe kikaruka kikaangukia kwenye majivu, na kibao kikatokeza kikaning'inia mbele ya ukoo wote. Mjomba mmoja akasema ni hirizi. Koplo akakishika, akasoma neno baada ya neno, na uso wake ukabadilika.

"Hapa naandika wewe najua," akasema. "Najua nini? Nani natuma wewe kuja kwetu kujua?"

Kumbe ananidhania mpelelezi; hapo aibu iliniisha, nikabaki na hofu tupu. Nikaanza kueleza. Nikaeleza kozi, nikaeleza Bwana Andama, nikaona hawaelewi, basi nikafanya kile ninachokijua, nikasimama nikafundisha. Nikachukua ufagio nikauonyesha, nikafagia, nikasema sasa ninafagia, macho yenu yanaiona kazi inaendelea, Waingereza wanakubali. Nikaweka ufagio chini. Nikasema sasa namjua baba yangu, je, mnaniona nafanya kazi gani? Mjomba akasema hakuna, umesimama tu. Nikasema ndiyo hiyo, kujua si kazi ya mikono, ni hali umekaa nayo, na Mwingereza ana namna nyingine ya kuisema, na mimi nimekosea namna hiyo, na nikifika kesho na kibao hiki nakosa cheti, na mwingine wa kumvika Koboko nzima ni Keji peke yake, ndiyo maana nimemfuata, nilitaka akosee. Baba alikuwa anatazama viatu vyake.

Mimi nilikuwa nangoja kofi, au kitu kikubwa kuliko kofi.

Keji alikuwa amesimama mlango wa jiko muda wote huo, ana mwiko mkononi. Akauweka juu ya sufuria, akaja mpaka katikati ya viti, akasimama mbele yangu, akasema kwa Kiingereza, polepole, kila neno kalitenganisha na mwenzake, "I am knowing this man. He is wanting only my mistake."

Makosa mawili kwa pumzi moja, mtu ambaye alikuwa hakosei. Kisha akainamisha shingo.

Sikuelewa mara moja. Alibaki ameinama, akasema chini chini kwamba shingo yake inauma, nimvike upesi. Nikamvika. Akamgeukia kaka yake.

"Huyu mutu hana neno ya kuoa," akamwambia. "Iko naogopa kufukuzwa kazi tu. Wacha yeye kula kuku, arudi kwao."

Koplo Lado alinitazama mimi, akakitazama kibao kifuani mwa dada yake, na kicheko kikaanza kwenye mabega yake kabla hakijafika mdomoni. Akicheka Koplo, nani atanuna? Wajomba wakafuata, mashangazi wakarudi na mkeka wao. Nilipata nafuu ambayo siwezi kuipima. Mama yake Keji peke yake hakucheka, akasema sukari wamekwisha kuinywa, hairudi. Baba akamjibu kwamba iwe zawadi, akavua koti, akala nyama yote ya upande wake bila kunisemesha.

Hadithi ingeishia hapo ningekuwa nimepona kwa bei nafuu. Lakini Jumatatu alfajiri tukakutana kwenye lori, na Keji alikuwa amevaa kibao nje ya gauni, kinaonekana, na watu wa magunia wakamwuliza akawaeleza bila haya, ameketi na mgongo wake umenyooka. Mimi nilikuwa nimeketi mkabala, shati langu halina kifungo cha juu. Kila lori liliporuka shimo kibao kilimgonga kifuani, na mimi nilikisikia kwenye kifua changu. Yule alikuwa anakwenda kukosa cheti chake kwa ajili yangu, na alikuwa hajaniomba hata shukrani.

Darasani Bwana Andama akauliza kibao kiko kwa nani, Keji akasimama. Nami nikasimama. Nakumbuka nilishika meza. Nikamweleza yote, shati, sukari, koti la baba, nikasema Mwalimu Keji hakukosea, alisema makusudi ili kuniokoa. Wenzangu walicheka mpaka yule mzee wa Maracha akatoka nje kupumua. Bwana Andama hakucheka. Akamwuliza Keji kama ni kweli, Keji akanyamaza, na kunyamaza kwake kukatosha. Basi akasema anayekosea kwa kujua hajakosea, kwa hiyo kibao hakijahama, ni changu tangu Ijumaa, na sheria ni sheria, sitafundisha. Keji akanivika tena, mara hii ananitazama machoni.

Na mtanishangaa nikisema nilijisikia mwepesi. Jioni ile nilitembea Awindiri nzima na kibao changu nje, nikamsalimia kila mtu.

Jumanne mkaguzi akaja, mzee mwenye fimbo na kikohozi. Watoto wa darasa la sita wakaletwa, wenzangu wakafundisha mmoja mmoja, Keji akafundisha vizuri kuliko wote, mimi nimeketi ukuta wa nyuma na ubao wangu. Walipomaliza, mkaguzi akainua fimbo akainyoosha kwangu moja kwa moja, akauliza yule ana nini shingoni. Bwana Andama akaanza kueleza kwamba huyo hafundishi, mzee akamkatiza, akasema hakuuliza hivyo, mwenyewe awaeleze watoto.

Nikaenda mbele. Sikuwa nimetayarisha chochote, sikuwa na chati wala chaki. Nikawaeleza watoto wale jinsi nilivyosema "I am knowing", na ufagio nikauomba nikafagia, na sukari nikawasimulia, na kifungo kilivyoruka kwenye majivu, nao wanacheka wanapigapiga madawati, na kila nilipofika kwenye kitenzi nikasimama nikawauliza mwalimu huyu mjinga angesemaje, wakapaza sauti "I know", "I want", "I have", darasa zima, hata wale wa nyuma. Mkaguzi alikohoa akaandika kitu kwenye daftari lake. Akamwuliza Bwana Andama kama hilo nalo si somo. Bwana Andama alivua miwani akaifuta muda mrefu, kisha akaja akanivua kibao kwa mkono wake mwenyewe.

Cheti nilikipata. Ningekificha kibao siku ile kama nilivyokificha Jumamosi, fimbo ya mzee yule ingenipita nikarudi kwenye tumbaku. Keji naye alipata chake, akaolewa na mtu wa Yumbe, na miaka kadhaa baadaye akaletwa shuleni kwetu kuwa mwalimu mkuu, bosi wangu, na kibao kile (alimwomba Bwana Andama ampe) kilikaa kwenye droo yake, na nikichelewa kazini anaivuta droo kidogo tu, hasemi neno. Mama yake aliishi mpaka uzeeni sana, na kila nilipopita mbele ya nyumba yao aliniita kutoka kivulini, "Mukwe, sukari iko wapi?", nami nilijifunza kuwa nayo mfukoni.

Mimi tangu siku hiyo sijamvika mtoto ubao shingoni, na shati langu, hata likiwa la harusi, kifungo cha juu sikifungi.